Hodi ya Mwenye Nyumba

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwenye simu huwa inakatika kabla hujaitikia. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na watoto pacha wa mdogo wangu wameanza kukuachia ulale. Mimi ni mzima wa afya. Nimekonda kidogo, lakini ni kwa hamu ya kukuona. Usimsikilize atakayesema ni uvivu wa kupika.

Nasikia majirani wanakuuliza mwanao anafanya kazi gani hasa, nawe unawajibu anatengeneza kompyuta, na sasa wanakuletea simu zilizopasuka vioo. Pole, Mama. Acha nikueleze, ili ukiulizwa tena uwe na la kusema.

Hapa kazini kuna kompyuta kubwa, na ndani ya kila moja zinaishi nyingine nyingi ambazo huwezi kuzishika kwa mkono. Tunaziita kompyuta pepe. Si pepo, Mama, usianze kuniombea. Ni kama wapangaji katika nyumba moja, na kila mmoja anadhani nyumba nzima ni yake. Katikati ya mfumo kuna programu inayoitwa kiini, na huyo ndiye mwenye nyumba: ndiye anayegawa kumbukumbu ya kompyuta, ambayo wewe iite vyumba. Zamani alikuwa na ufunguo wa kila mlango. Vyumba vikipungua, aliingia, akahamishia vitu vya mpangaji stoo, akampa chumba mwingine. Siku hizi wapangaji wanakuja na kufuli zao. Yaliyomo yamefungwa kwa siri asiyoijua hata mwenye nyumba, na akiyahamisha kwa nguvu yanageuka takataka asizoweza kuzisoma yeyote. Basi kazi yangu ni kumfundisha mwenye nyumba kugawa vyumba asivyoweza kuchungulia.

Juzijuzi vyumba vikawa haba, nikajifanya mjanja. Niliandika kwamba chumba kisichoguswa muda mrefu kichukuliwe tu. Asiyekitumia anakitakia nini? Tulipojaribu, kompyuta pepe moja ilizimika papo hapo. Kumbe katika chumba kile kilichonyamaza ilikuwa imeweka kitu kimoja tu, na ndicho ilichokuwa ikikitegemea.

Anayekagua kazi zetu ni mzee mmoja tunayemwita Mzee Hapana, kwa sababu ndilo neno analoandika chini ya kazi ya kila mtu. Safari hii aliongeza maneno. Alisema chumba chenye kufuli ya mpangaji hakinyang'anywi. Mwenye nyumba abishe hodi, aombe, na mpangaji mwenyewe akisafishe na kukirudisha kwa mkono wake. Nikamuuliza, na asipoitika? Akasema asipoitika, mwenye nyumba abanane na alichonacho. Nilinuna, Mama, na unanijua nikinuna. Mwenye nyumba kubisha hodi nyumbani kwake, wapi na wapi!

Wiki hiyohiyo mdogo wangu akanipigia simu, akaanza na lile jina la utani mlilonipa, Bi Kufuli. Alinieleza kwamba yeye na pacha wamekijaza chumba chako, na wewe sasa unalala kwenye kochi sebuleni. Kwa hiyo alimleta fundi seremala avunje kufuli ya chumba changu nilichokifunga nilipoondoka. Fundi alishaweka tindo, ndipo ukatoka jikoni na mwiko mkononi, ukasema mwenye chumba yu hai na ana mdomo, ataombwa. Fundi wa watu akakusanya vyombo vyake akaenda zake.

Kisha mdogo wangu akanisimulia jambo ambalo wewe hukuwahi kuniambia. Kwamba kila asubuhi ukimaliza kufagia korido, unasimama mlangoni kwangu, unasema hodi, unangoja kidogo, halafu unaendelea na shughuli zako. Yeye alikuwa anacheka. Mimi niliweka simu chini nikalia palepale kazini, mpaka Mzee Hapana akaja kuniuliza kama nalilia ile hapana yake.

Sasa Mama, nikwambie la moyoni. Mdogo wangu anadhani nimeficha dhahabu. Mle hamna kitu: kitanda, redio isiyosema, na gauni lisilonitosha tena. Nilifunga nikaondoka na ufunguo kwa sababu niliona maadamu chumba kimefungwa, mimi sijahama. Nimetoka tu, narudi. Hilo ndilo nililoliweka mle, na nimelitegemea miaka yote. Kila mwaka nakwambia mwakani. Ukweli ni kwamba mkataba mpya wa kazi nimeshautia saini, na sijui nitarudi lini. Natamani kuja hata leo, Mama. Natamani kuamshwa na ufagio wako na zile kelele zako kwamba jua limeshatoka na watu bado wamelala. Lakini huwezi kulala kwenye kochi na goti lile kwa ajili ya kutamani kwangu.

Ufunguo uko ndani ya bahasha hii. Kufuli inagoma; uinue mlango kwanza, ndipo uzungushe. Chumba mpe mdogo wangu na wanawe, gauni afanye matambara, nawe urudi kitandani kwako. Mwambie kuhusu tindo nimemsamehe. Wabusu pacha kwa ajili yangu, na majirani wasalimie sana. Simu zao wazipeleke kwa fundi.

Ila kabla hujafungua, fanya kama kawaida yako. Fagia korido, simama palepale, useme hodi. Nami nakujibu hapa, nimechelewa mno: karibu, Mama. Ingia.

Na siku nitakapokuja, nitasimama nje nibishe hodi kama mgeni. Siku hiyo nakuomba unigombeze kwa sauti, majirani wote wasikie, uniulize tangu lini mtu akabisha hodi kwao.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Bi Kufuli