Tungamo, Si Uzito

Mke wangu mpendwa, Mama Editha,

Nimechoka. Kahawa imeiva yote kwa pamoja na mikono ni hii yangu miwili. Naondoka mtoto hajaamka, narudi jioni namkuta ameshapika, amechoka kuliko mimi.

Wiki iliyopita alifungua daftari la sayansi akaniuliza, "Baba, moshi nao ni maada?" Nikamjibu kwamba chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi ni maada. Hapohapo nikakusikia: "Tungamo, Baba Editha! Uzito ni kitu kingine." Ulikuwa mbishi wewe! Sokoni Mbinga ulimsahihisha muuza nyama mbele za watu, naye akakujibu, "Haya mwalimu, nikukatie tungamo la mifupa?" Tulicheka mpaka tukafika nyumbani Matiri. Hata wodini, muuguzi aliposema uzito wako umeshuka sana, ulitafuta pumzi ukamwambia uzito hupimwa kwa nyutoni, si kwa kilo. Mimi nilitoka nje nikalia.

Tofauti hiyo ulinifundisha mwaka tuliooana, nilipokuleta huku milimani kutoka kwenu Lundo, kando ya ziwa. Ulisema kitu kikipandishwa mlimani uzito wake hupungua kidogo mno, lakini tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani yake, ni lilelile, kiwe ziwani au Matiri. "Kwa hiyo usijidai umenibadilisha," ukaniambia.

Sasa mama yako anataka Editha akaishi naye Lundo mpaka amalize shule ya msingi. Alinipigia simu: "Mkwe wangu, mtoto anajilea mwenyewe huyo. Mlete." Nilibisha muda mrefu, maana kumtoa humu ndani naona kama kukuzika mara ya pili. Lakini juzi mwalimu wake aliniita, mtoto anasinzia darasani. Nimekubali. Jumamosi nampeleka. Najiambia hatabadilika, atabaki wetu. Ila wewe ulikuwa unazungumzia vitu, hukusema lolote kuhusu watoto.

Nilipomweleza hakulia. Aliosha vyombo vyote, akafuta mikono, ndipo akaniuliza, "Baba, sasa utakuwa unakula na nani?"

Nilijifanya natafuta kiberiti.

Pumzika, mke wangu.

Mumeo,
Baba Editha