Wananiita Mwalimu wa Kuogelea, na Maji Yangu Yanaishia Kiunoni

Mama Mellen mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku Kericho ambako mvua inakuja kila siku saa nane kama imepigiwa kengele. Mimi ni mtu wa miaka thelathini na mbili, nina bibi na watoto watatu, shule niliachia darasa la sita lakini yale mengine dunia imenisomesha, kwa sababu kabla niandikwe hapa kiwanda cha majani chai nilikuwa tanboi, yaani utingo wa lori, nimefika Mombasa, Malaba, Namanga, na Kampala nilikaribia sana. Sijisifu, nakueleza tu ujue si mshamba anakuandikia. Lakini Mama, nisaidie, nimejifunga kamba na ncha yake siioni, na siku zimebaki ishirini na tatu.

Ni hivi. Mwaka huu tuliletewa meneja mpya, kijana wa kupenda michezo, akatangaza ati Desemba kutakuwa na shindano linaitwa traiathloni, yaani mtu anaogelea bwawa la kampuni kutoka ukingo huu mpaka ule, akitoka hivyo hivyo maji ikimtiririka anapanda baiskeli kilomita ishirini, akishuka anakimbia tano, na ni mtu mmoja na ni siku moja. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Huku kwetu mbio tunazaliwa nayo na baiskeli mtu ananunua, lakini maji ni ya kunywa, ya kuoga na ya ng'ombe, ukionekana ukiingia bwawani wazee wanauliza umekosana na nani nyumbani.

Hapo mdomo wangu ukanitangulia. Nilisema mbele ya watu kama arobaini, wakati wa chai ya saa nne, "Nyinyi mnaogopa haka kabwawa? Mimi nimeogelea bahari ya Mombasa, chumvi mpaka ndani ya masikio, meli zikinipisha!"

Mama, kwako sitaficha. Mombasa nilikaa siku tatu tukingoja mzigo, na siku ya pili nilikunja suruali nikaingia baharini mpaka kiunoni, viatu nimeshika mkononi visiibiwe, nikasimama kama saa moja. Na watu wote niliona pale walikuwa wamesimama, wanaongea, wanarushiana maji, mwingine anakula muhogo. Kwa haki ya Mungu mimi nilijua hiyo ndiyo kuogelea! Nani angeniambia kuna ingine?

Sasa kuna Weldon, huyu ni botum yangu, yaani tulikaa kibanda kimoja cha tohara, na ni mkimbiaji wa kuwakilisha wilaya. Alinishika bega akasema, "Basi imeisha. Mimi nafundisha mbio, Nyang'au anafundisha baiskeli, wewe unafundisha maji. Tunaingia wote." Nyang'au ni rafiki yetu Mkisii, anasambaza mikate kwa baiskeli kutoka Litein mpaka vibanda vya huku juu, miguu yake ni kama nguzo za stima. Wa nne akaongezeka Chelimo, msichana wa kuchuma chai, maneno machache lakini macho yake hayalali.

Na wale wamenifundisha, Mama, sitasahau mpaka kaburini. Mimi nilikuwa nikikimbia mita mia mbili naona nyota mchana. Weldon alinikataza kukimbia haraka, akasema tukimbie mwendo wa kuongea, nikishindwa kuongea tunapunguza, na kwa vile mimi kuongea siachi nilijikuta nimefika Kapkatet bila kujua. Nyang'au alinipa baiskeli ya ndugu yake, na tukipanda kilima ananisukuma mgongoni kwa mkono mmoja, mkono ule mwingine unaendesha yake, na mikate iko nyuma! Ukishuka baiskeli miguu inakuwa kama ugali haujaiva, basi walikuwa wananishika kwapa huku na huku tunakimbia hivyo mpaka miguu ikumbuke kazi yake. Siku nilimaliza baiskeli na mbio bila kushikwa, Nyang'au aliniletea mkate mzima akasema, "Kula, mwanamume." Nilikula nikilia kidogo, nikasema ni vumbi.

Na mimi niliwalipa nini? Kiwandani kuna vile vitanda virefu vya waya vya kunyausha majani chai, feni kubwa inapuliza upepo kutoka chini. Kazi yangu ni kuwasha na kuangalia hizo feni. Jumapili baada ya kanisa, vitanda vikiwa tupu, niliwalaza pale kifudifudi nikawasha feni, nikawaambia, "Mnasikia tumbo linainuka? Maji ni hivyo hivyo. Pigeni mikono kama mtu anafukuza nyuki!" Wakapiga. Miezi miwili. Mimi natembea kando na filimbi, narekebisha kiwiko cha mtu.

Halafu tukaenda bwawani, na hapa ndipo nimechanganyikiwa kabisa, kwa sababu wanaogelea! Walianza pale maji ni mafupi karibu na nyasi, wakijishikilia tyubu ya tairi ya lori, na baada ya wiki kadhaa Weldon aliachilia tyubu akaenda, na Chelimo anavuka mpaka ng'ambo na kurudi kama bata. Wananiambia kongoi, yaani asante, mwalimu. Meneja alinipa mkono mbele ya watu. Sasa niambie Mama, hiyo ni uongo wangu wanaogelea nayo, ama nilikuwa na ujuzi na sikujijua? Mimi kwenye maji sijawahi kuingia. Mara nasema nina kikohozi, mara kocha anakaa ukingoni aone vizuri. Chelimo aliniuliza siku moja, "Mwalimu, mbona nguo zako ni kavu kila siku?" Wote wakacheka. Nilicheka zaidi yao.

Wiki mbili zilizopita Nyang'au alijaribu kuvuka. Mimi niliwapa sheria moja siku ya kwanza na nilikuwa naiimba kila Jumapili: ukichoka majini, simama upumzike. Si ndivyo nilivyoona Mombasa? Nyang'au alifika katikati akachoka, akasimama. Pale katikati hakuna chini, Mama. Alienda chini wima kama msumari, nikaona kofia yake ya plastiki, halafu sikuona kofia. Mimi nilipiga filimbi. Hiyo tu ndiyo nilifanya, nilipiga filimbi. Weldon na Chelimo ndio walimfuata na tyubu wakamtoa, akatapika maji ya kijani mpaka nikafikiri roho inafuata.

Na alipoweza kuongea alinitafuta kwa macho akasema, "Mwalimu, nisamehe. Nimesimama vibaya."

Nyang'au sasa anaogopa, anasema haingii tena bwawani mpaka siku yenyewe, na siku hiyo ataingia tu kama mimi mwenyewe naogelea kando yake, bega kwa bega, kwa sababu nikiwa karibu naye hana wasiwasi. Weldon ameshamwambia ni sawa. Nami nilisema nini? Nilisema, "Kuwa na amani, ndugu yangu, bwawa ni dogo."

Bibi yangu ndiye peke yake anajua. Anasema, "Wewe hata beseni unapiga kelele maji ni baridi, utaokoa nani?" Nafikiria kujivunja mguu kidogo. Nafikiria kuomba likizo niende kwa shemeji kule Longisa mpaka shindano lipite. Nikisema ukweli, urafiki umekwisha na kiwanda kizima kitanicheka mpaka nizeeke. Nikinyamaza nitaingia na huyo mtu majini. Na wakati mwingine, usiniseme vibaya, nafikiria labda nikiingia nitaelea, kwa maana masomo nayajua yote kwa kichwa, ni mimi nimeyatunga.

Nifanye nini, Mama? Nimechanganyikiwa mimi mtu wa kufika Malaba.

Ni mimi Mwalimu wa Bwawani, Kericho. (Jina langu usiandike tafadhali.)


MAMA MELLEN ANAJIBU:

Mwalimu wa Bwawani,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nilifika pale kwenye kofia ya plastiki nikaacha kucheka. Wewe pia uache.

Umeniomba nisiandike jina lako, lakini majina ya wenzako umeyamwaga yote bila kuniomba kitu. Hilo peke yake linaonyesha ni ngozi ya nani unayoihurumia. Nimeyabadilisha mimi.

Sasa nikutoe hapo ulipochanganyikiwa. La, huna ujuzi uliojificha. Wenzako wanaogelea kwa sababu walikaa majini wiki nyingi, wakashikilia tyubu, wakatazamana, wakashikana mikono, wakanywa maji wakatema, wakarudia. Wamefundishwa na bwawa na wamefundishana wenyewe. Kile ulichowapa wewe ni kuthubutu, na hicho nakupa haki yako, si kitu kidogo. Mtu mwingine asingewatoa hata sebuleni. Lakini pamoja na kuthubutu uliwapa sheria moja ya kuua mtu, na sheria hiyo bado iko vichwani mwao leo unaposoma hapa. Chelimo akishikwa na msuli wa mguu kesho jioni, atafanya nini? Atasimama. Unaongea habari za kuchekwa, ndugu yangu? Kiwanda kizima kinaweza kukucheka miaka ishirini na hakuna atakayezikwa.

Mguu usiuvunje. Longisa usiende. Ukitoroka, Nyang'au atabaki na sheria yako na woga wake, na siku ya shindano mtu mwingine atamsukuma aingie. Na hilo wazo la kwamba labda utaelea, litoe kabisa. Hata mimi naweza kukutungia wimbo wote wa kurusha ndege, lakini usipande ndege yangu.

Mimi kuogelea sijui, nami sioni aibu kusema, jaribu uone ni rahisi namna gani. Kwa hiyo nimemuuliza mama mmoja anayefundisha watoto kuogelea hapa Nairobi. Anasema mtu akichoka mahali asipofikia chini asisimame kamwe. Ageuke chali, uso juu, masikio ndani ya maji, tumbo alinyanyue, mikono aitandaze, avute pumzi taratibu mpaka nguvu zirudi, kisha aite. Liandike hilo, uwape leo. Walifanyie mazoezi pale chini penye nyasi, mmoja amelala chali na mwingine ameshika kichwa chake kwa mkono, mpaka kila mmoja aweze bila kushikwa. Na kuanzia sasa hakuna kuvuka katikati. Waogelee sambamba na ukingo, mahali maji yanapofika kifuani.

Kwa meneja nenda mwenyewe, usimtume Weldon. Mwambie anayejifunza aruhusiwe kuogelea na tyubu siku hiyo, na kamba ivutwe kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine, na kuwe na mtu ndani ya mtumbwi. Akiuliza kwa nini kocha wake anaomba hayo dakika za mwisho, mwambie kwa nini. Kijana wa kupenda michezo atakasirika nusu saa. Mtu akifa bwawani mwake, hatalala tena.

Na wewe mwenyewe uingie majini. Wiki hii. Chelimo akufundishe, maana huyo dada ameshakujua zamani, anangoja tu useme. Siku zilizobaki hazitoshi wewe kuvuka bwawa, basi usivuke. Siku ya shindano simama ukingoni na kamba mkononi, na baiskeli na mbio ufanye mwakani, au meneja akikubali ufanye hizo mbili tu. Wamekufundisha hizo kwa jasho lao, usizitupe.

Lakini yote hayo yanakuja nyuma. La kwanza ni Nyang'au. Usimwambie mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu utafanya mzaha, nimeshakujua. Mtafute anapomaliza kugawa mikate, mtembee pamoja mkisukuma baiskeli, umwambie kwamba hakusimama vibaya, wewe ndiye uliyemfundisha uongo kwa sababu hujawahi kuogelea maisha yako yote. Halafu nyamaza. Najua kunyamaza kwako ni kazi kubwa kuliko bwawa. Nyamaza hivyo hivyo. Huyo ni mtu aliyekuomba msamaha akiwa bado anatapika maji. Akikupiga kofi moja, lipokee. Akikaa mwezi bila kukusemesha, ngoja. Sidhani ataweza mwezi.

Weldon ni wa rika lako, atakutukana matusi yote ya kibandani kisha atakuuliza mnakimbia saa ngapi.

Nakala ya jibu hili nimekutumia kwa posta leo, ikufikie mapema. Hapa gazetini litatoka baada ya siku tisa. Majina nimebadilisha, ndiyo, lakini nchi hii ina kiwanda kimoja tu ambacho watu walilazwa juu ya feni wafundishwe kuogelea, na mtu anayegawa mikate kwenye vibanda vyote vya njia hiyo hukutana na magazeti kila asubuhi.

Nyang'au anajua kusoma. Mtangulie.