Adan Hajauliza Habari za Ngamia

Mama mpendwa,

Assalaam aleikum. Mguu wa Baba unaendeleaje, na mvua imewafikia? Sisi hapa Eldoret tu wazima, ila baridi imetukausha midomo.

Ujumbe wenu nimeupata, kwamba nimrudishe mdogo wangu Adan nyumbani kwa kuwa mji umemharibu. Mjomba naye anasema nyumba yake, anamokaa Adan, imejaa watu mno, ndiyo maana kijana ameacha shule na hasemi na mtu. Nilikuwa karibu kumkatia tiketi. Sasa nina shaka, na shaka yenyewe imetoka masomoni, usinicheke.

Huku chuoni Chepkoilel nasoma galaksi, ile mikusanyiko mikubwa ya nyota huko mbali angani. Zinazokaa mbali na nyingine, nyingi bado zinazaa nyota mpya. Zilizosongamana kwenye makundi, nyingi zimekoma, maana huko hunyang'anywa gesi ya kutengenezea nyota. Nikaandika kwamba msongamano ndio uliozizima. Mwalimu wangu akakataa.

"Halima, wacha kulaumu msongamano haraka hivyo," akasema. "Ulicheki vile zilikuwa kabla ziingie hapo?"

Nikaangalia. Kumbe baadhi zilianza kuzimika mapema, kabla hazijafika kwenye kundi kubwa.

Tangu hapo najiuliza kama Adan naye alianza kuzimika huko nyumbani, na namshuku kila mtu, hata nyinyi, nisamehe. Mtu wa kwetu akiwa safarini huulizia watu, kisha mifugo, kisha mvua. Adan tangu ateremke hapa hajauliza habari za ngamia hata mmoja, yeye aliyekuwa akiwaita kwa majina kisimani. Juzi nilimtaja ngamia wake wa kitovu, yule ambaye Baba alimpa siku alipozaliwa, akainuka akaacha chai. Nanyi pia hammtaji tena. Nikimuuliza Baba kwa simu, anasema mtandao ni mbaya, ilhali namsikia vizuri kabisa.

Simrudishi mpaka mnijibu. Yule ngamia yuko wapi? Aliuzwa ili mimi nije huku kusoma nyota? Naogopa jibu, Mama, lakini nalitaka.

Nisalimie Nyanya, shangazi anayetukamulia maziwa, na mwalimu wa madrasa. Nilipomwambia Adan nakuandikia, hakutuma salamu. Aliuliza kitu kimoja tu: "Utamaliza lini hiyo masomo?"

Binti yako asiyelala vizuri,
Halima