Wimbi Lisilosikika Ndani ya Kinanda

Mjukuu wangu Rehema,

Huku Lionja tu wazima. Ufuta tumeshavuna, na mtoto wa dada yako ameota meno mawili.

Umeniuliza lile wimbi la polepole kwenye kinanda chako cha umeme lina kazi gani, ikiwa lenyewe halisikiki. Mimi nililijua kwenye harusi moja Ruangwa, siku yangu ya kwanza kuimba na bendi. Hofu ilinishika, sauti ikatetemeka, watu wakaanza kunong'ona. Babu yako, ambaye wakati huo alikuwa mpiga kinanda tu, wala hatujazoeana, akazungusha kitufe kimoja taratibu. Noti zote alizobonyeza zikawa zinapanda na kushuka kidogo kidogo, kwa pamoja, kwa mwendo uleule wa sauti yangu. Wageni wakadhani wimbo ndivyo ulivyo, wakatulia. Nami nikapata pumzi, nikaumaliza.

Baadaye nikamuuliza, "Kwani umefanya nini pale?"

"Humu ndani mna wimbi linalotikisa sauti nyingine," akasema. "Nimelipunguza mwendo likufuate. Sikutaka utetemeke peke yako."

Basi, mama, unapokizungusha kitufe chako, msikilize kwanza anayeimba.

Nakukumbatia,
Bibi yako Somoe