Baba Anaumwa, na Wazee Wamekuja

Jumatano, jioni. Mvua haijakatika tangu wiki iliyopita, na ukungu umeshuka mpaka kwenye madirisha. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume. Simu imebaki na chaji kidogo.

Leo nimeogopa kuliko siku zote za maisha yangu.

Mnaonisoma hapa mnanijua kama Atupele, fundi cherehani mwenye kibanda mtaa wa Bagamoyo, huu wa kwetu Tukuyu, si mji wa pwani. Sijawahi kuwaandikia kwamba baba yangu ni Malafyale, yaani chifu. Sikuona sababu. Uchifu ulifutwa kabla sijazaliwa, limebaki jina. Baba ana migomba, chai kidogo na ng'ombe wawili. Kukiwa na sherehe anawekewa kiti cha mbele, anapigiwa makofi, kisha anarudi nyumbani kupalilia.

Lakini Ibighi, mtaa tunaokaa, zamani ulikuwa makao ya machifu. Nyuma ya maduka ipo miti mikubwa ambayo hakuna anayethubutu kuigusa kwa shoka. Wasichana wanapita pale kwenda saluni, wanacheka, hawajui kwamba wamelala babu zangu hapo. Mimi najua. Na najua walivyokufa.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenisimulia, siku moja tukimenya ndizi. Alisema Malafyale hakuachwa afe na ugonjwa. Pumzi yake ilikuwa pumzi ya nchi. Akikata roho akiwa mgonjwa, migomba ingeoza na ng'ombe wangekauka maziwa. Kwa hiyo alipozidiwa, washauri wake waliingia chumbani, wakawatoa wake na watoto, wakafunga mlango. Walimkata kucha na nywele angali hai, wakazizika penye miti ili rutuba isiondoke naye. Halafu wakamziba pumzi.

Akamaliza kusimulia, akaniambia nimletee chumvi.

Baba alianza kukohoa wiki iliyopita. Kufikia juzi alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika katikati. Nikamwambia twende hospitali, akakataa. Alisema Malafyale haonekani akiumwa. Watu wakijua, watasema mvua hii inayoozesha maharage yao imetoka kifuani kwake. Nilicheka, nikidhani ananitania.

Hakuwa anatania.

Asubuhi ya leo nimemkuta midomo imekuwa ya kijivu. Nilikuwa nahangaika kutafuta namba ya dereva nikasikia miguu inakung'utwa matope barazani. Wazee watatu. Wa mbele alikuwa Mzee Asajile, ambaye ukoo wake ndio uliokuwa washauri wa ukoo wetu tangu zamani hizo. Si mtu mbaya. Ndiye aliyesimamia mazishi ya mama, na alilia kuliko ndugu zetu wengine. Lakini nilipomwona mlangoni, koti linachuruzika maji, niliyakumbuka maneno ya bibi.

"Ugonile, mwanangu," alinisalimia. "Tumesikia Malafyale hajaamka vizuri. Tupishe kidogo, tuongee naye."

Hakuna niliyekuwa nimemwambia. Mpaka sasa sijui walisikia wapi.

Nikasema naomba nibaki. Akasema ni maneno ya wanaume. Nikasimama katikati ya mlango wa chumba cha baba, mikono huku na huku, kama mtoto anayezuia kuku wasiingie ndani. Nina miaka arobaini na moja na nilikuwa nimesimama hivyo.

Mzee Asajile akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Akatoa wembe, umefungwa kwenye kipande cha gazeti.

Nikapiga kelele. Nilisema hamumuui baba yangu. Nimeyatamka maneno hayo kwa sauti, mbele ya wazee, na jirani mmoja akachungulia kutoka upande wa pili wa ua.

Kilichokuwa kinasikika ni kifua cha baba tu.

Mzee Asajile hakukasirika. Aliketi kwenye kiti cha sebuleni taratibu, kama mtu aliyechoka ghafla.

"Bibi yako alikusimulia," alisema.

"Alinisimulia."

"Na mimi nilisimuliwa. Babu yangu aliifanya ile kazi, Atupele, kwa mikono yake. Tangu siku hiyo hakuweza kulala chumba kimoja na mtu. Alisema akisikia mwenzake anapumua, mikono yake inaanza kuwasha." Akautazama wembe. "Unadhani mimi naitaka kazi hiyo? Nimekuja kukata kucha. Kucha tu. Akiondoka leo bila hata hilo, mimi ndiye nitakayeulizwa."

Nilijibu bila kufikiri. Nikamwambia akate, lakini mbele ya macho yangu, na akimaliza amwambie baba apande gari. Mimi hanisikilizi.

Basi tukaingia wote. Baba alifungua macho, akauona wembe, akaelewa. Alinyoosha mkono mwenyewe, na hilo ndilo lililonitisha zaidi ya yote. Alikuwa anausubiri. Mzee Asajile alikata ukucha wa dole gumba na kucha za vidole viwili, akazikunja kwenye leso. Nilikuwa nimeshika mto wa kulalia. Nilikuwa nimeuficha nyuma yangu ili usiwe karibu na mtu yeyote.

Kisha Mzee Asajile akasimama wima, akamwita baba kwa jina lake. Sijawahi kumsikia mtu wa rika lolote akimwita hivyo.

"Gwakisa. Inuka. Tunakwenda hospitali."

Baba akatikisa kichwa.

"Ukoo wangu ndio ulioamua babu zako walale lini," alisema. "Leo mimi naamua uamke. Inuka."

Na baba, ambaye nimembembeleza tangu juzi, akainuka.

Tulimtoa kwa kumshika pande zote. Njiani kuelekea kwenye gari Mzee Asajile alivua koti, akamfunika mpaka kichwani ili watu wasimwone. Nikaliona lile koti juu ya uso wa baba, nikalivuta. Akalirudisha. Nikalivuta tena. Mwisho tukaliacha begani, na mvua ikamnyeshea Malafyale usoni mbele ya Ibighi nzima.

Daktari amesema ni nimonia, mapafu yote mawili. Wamemwekea oksijeni. Midomo imeanza kurudia rangi yake, na saa ya chakula amekubali uji vijiko kadhaa. Bado si mzima, lakini anapumua, na nimekaa nikihesabu pumzi zake mpaka muuguzi akanifukuza nje.

Wazee wengine wameondoka. Mzee Asajile amebaki nami kwenye benchi mpaka jioni. Wakati wa kuaga akaniuliza, akiangalia sakafu, "Mdogo wako Lusajo, anarudi lini kutoka Dodoma?"

Lusajo ndiye mwana wa kiume, na kiti cha baba kitakuwa chake. Nikamjibu kwamba baba hajafa.

"Sijasema amekufa," alisema, akaenda zake na leso yake mfukoni.

Haikupita muda Lusajo akapiga simu. Alikuwa analia. Anataka kupanda basi la alfajiri. Nikamweleza habari za oksijeni, za uji, za daktari. Kisha akauliza, "Dada, wazee wameniulizia?"

Nikasema hapana.

Sijui kwa nini. Mdogo wangu ni mtu mzima, ana mke na kazi ya ofisini, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayeogopa kuchungulia chini ya kitanda. Kumbe naye bibi alimsimulia.

Kabla hajapanda hilo basi nitampigia nimwambie ukweli, kwamba wanamngoja. Hilo nimeliamua. Ila akiniuliza, "Dada, nije au nisije?", nitamjibu nini mimi?