Halwa Uliyotuma Kutoka Tuvalu

Nyumba ya Bi Nimwaka, ghorofa ya kwanza,
Nyuma ya Ndia Kuu, Mji wa Kale,
Mombasa.

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa kaka Ngowa,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka.

Kwanza nipe hali yako. Lile goti uliloligonga chumba cha injini kule melini limepoa au bado wachechemea? Na wifi yangu Losa, hajambo? Mvua je? Uliposema matangi yamebaki nusu nilikaa na wasiwasi, maana nchi haina mto hata mmoja, na maji ya kunywa ni yale yatokayo juu ya bati. Mungu awateremshie ya kutosha.

Sisi huku twashukuru. Ngare ameota meno mawili na ameanza kuyajaribu kwenye bega langu. Asipolala yeye hakuna alalaye. Shemeji yako Mzamil yuko palepale bandari ya Mbaraki, apakua saruji, akirudi jioni mtoto humkataa mpaka aoge. Mwatime pumu yake imetulia tangu mwezi wa Ramadhani. Mimi nimechoka, kaka, lakini ni uchovu wa kila mwenye mtoto wa kunyonya, usije ukautia maana nyingine.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu huniachii nafasi. Nikianza neno, wewe ushafika mwisho, kisha mtandao wakatika nami nabaki nimeshika simu kama niliyekubali. Mzamil ataipiga picha barua hii akutumie leo, na karatasi yenyewe itafuata kwa posta hata ikichukua miezi. Isome polepole, usiku huo utakaoipata usinipigie. Lala nayo kwanza.

Ni jambo la Mwatime. Ulimwomba mama mkubwa Mesalimu kwamba binti yangu aje huko Tuvalu, hapo Funafuti kwenu, mumlee wewe na Losa, kwa kuwa Mungu hajawajalia. Mimi sikuombwa. Hata kuambiwa sikuambiwa mpaka mambo yalipokuwa yashaharibika, na ngoja nikueleze yalivyoharibika, kwani huenda umepewa habari nyingine.

Alhamisi iliyopita mama mkubwa alivuka feri kutoka Likoni na sinia la halwa kichwani, na nyuma yake mtu amebeba dele la kahawa. Nilikuwa namwogesha Ngare kwenye beseni, nguo zimejaa kitandani, nami mwenyewe nimelowa. Akaniambia, "Salamu za kakako hizi." Nikadhani ni furaha yako kwa Ngare kuzaliwa, imechelewa njiani kama mambo yako yote. Nikakata halwa, nikajaza vijisahani, nikapeleka juu kwa Bi Nimwaka, chini kwa Nasipwondi, na hata yule fundi cherehani wa uchochoroni akapata chake. Nilifurahi kweli. Ilikuwa halwa nzuri, ya lozi.

Niliporudi, mama mkubwa alikuwa akifuta vidole. Akasema, "Haya, neno limekwisha."

"Neno gani, mama?"

"La Mwatime. Mjomba wake amemtaka, na wewe umekula na umegawa. Halwa ya neno ikishaingia vinywani mwa majirani hairudi siniani."

Nilikaa juu ya zile nguo. Kumbe nimemtoa mtoto wangu kwa mkono wangu, kijisahani kwa kijisahani, na kila aliyepokea nilimwambia ahsante.

Asubuhi yake Nasipwondi, yule jirani yetu wa ofisi za bandarini, akanisimamisha ngazini. "Hongera mama Mwatime. Nasikia msichana aenda Ulaya."

Nikamwambia si Ulaya, ni Tuvalu.

"Kuna bahari ya kuvuka?"

"Iko. Si moja."

"Basi ni Ulaya," akasema, akaenda zake kazini.

Mwatime naye alikuwa ashaambiwa na mama mkubwa kuwa huko watoto hucheza mpira kwenye uwanja wa ndege, ndege isipokuwepo. Akaenda kuwatangazia darasa zima. Siku hiyohiyo akampa rafiki yake viatu vya madrasa, ati hatavihitaji tena. Nilivifuata mwenyewe kwao, jua la saa saba, na Ngare mgongoni.

Sasa usiseme nimekataa kwa kutojua. Nilikwenda kwa Mwalimu Kasyoka, anayemfundisha Mwatime pale Tononoka, nikamwomba atuonyeshe nchi yako. Akatoa atlasi ya shule. Bahari yenu imekatwa vipande viwili, nusu iko ukingo huu wa karatasi na nusu ukingo ule, na Tuvalu imekaa pembeni kabisa, pale watoto wanaposhika kufungua ukurasa, mpaka pamechakaa. Mwalimu alisugua kwa kidole akasema, "Iko hapa, mama. Au ilikuwa hapa."

Tulisoma pamoja. Visiwa tisa vidogo, na ardhi yote ukiikusanya ni kama kisiwa chetu hiki cha Mombasa mara mbili tu. Watu elfu kumi na kitu, wanaoweza kuenea uwanja wa Tononoka siku ya mkutano. Hakuna kilima. Mahali palipoinuka kuliko pote hapafiki dari ya ghorofa ninayokuandikia. Mwenyewe uliniambia maji ya bahari siku hizi huchimbuka toka chini, yakaingia kwenye mashimo ya majimbi yakayaozesha. Hilo nililielewa upesi, maana kisima cha ua wetu kina chumvi tangu enzi za bibi zake Bi Nimwaka, na sisi maji ya kunywa twanunua kwa mkokoteni.

Sikucheka nchi hiyo, kaka. Naiheshimu. Haina dhahabu wala shamba la maana, lakini bahari yao ni pana kupita Kenya nzima, na wamekaa wakafikiri: hawa wenye meli kubwa wanaomtaka jodari, na walipe leseni ya kuvua. Hata zile herufi mbili, tv, za mwisho wa anwani ya mtandao walizopewa kwa jina la nchi yao wanazikodisha kwa wageni, wakasomesha watoto. Wanakodisha, hawauzi. Chao kinabaki chao. Mtu maskini mwenye akili ya namna hiyo mimi humpenda.

Na serikali yao uliyonisimulia, nilimsimulia Mzamil akastaajabu. Wabunge kumi na sita, hakuna chama hata kimoja, wao kwa wao wamchague waziri mkuu, na ukimtaka wamkuta dukani akinunua mchele. Mfalme wao ni yule wa Uingereza, wala hawamwoni. Lakini nililolishika zaidi ni lile la ukumbi wa kisiwa. Ulisema kila kisiwa kina ukumbi wake, wazee huketi penye nguzo, na jambo la watu wote huletwa pale likazungumzwa hata kama ni siku tatu, na asiyekubali husikilizwa mpaka amalize. Ulinisimulia kwa fahari kama ukumbi wa baba yetu.

Basi nakuuliza, kaka yangu. Miaka sita unakaa na watu wasiohamisha hata bomba la maji bila kuketi ukumbini, ukaona ni sawa mtoto wangu ahamishwe kwa halwa?

Najua utasema mjomba ana neno. Ni kweli, kwetu Wadigo mjomba ana neno, na mimi sijakunyang'anya. Mjomba wetu marehemu ndiye aliyesimama siku ya arusi yangu, hakuna aliyethubutu kukohoa. Lakini yeye alikuwa akija. Alikaa mkekani, akala alichokuta, akamuuliza mama, "Wewe waonaje?" ndipo akasema lake. Neno la mjomba lilikuwa hivyo.

Tena ulimwambia mama mkubwa kuwa hata huko ndugu hupeana watoto, na kwamba Losa mwenyewe alilelewa na shangazi yake. Nilimtumia Losa ujumbe kumuuliza, kwa Kiingereza changu cha darasa la nane. Alinijibu vizuri sana, Mungu ambariki. Alisema nyumba ya shangazi na ya mama zilitazamana, na akinuniwa huku alikwenda kula kule. Sasa Mwatime wangu atakwenda kula wapi akinuniwa? Huku nikimwamsha aende shule, huko watoto washarudi nyumbani. Akibanwa na kifua, mimi niko safari ya ndege tatu au nne, na mgonjwa aliyezidiwa huko mwenyewe wasema hupelekwa Fiji.

Jingine, usinikasirikie. Wenyeji wenyewe wamewekeana mkataba na Australia, kila mwaka watu mia mbili na themanini wapate kuhamia, na mwaka huu walijiandikisha wengi mpaka ikabidi kura ya bahati. Wao wapiga kura ya kutoka, nawe wataka wangu aingie? Mzamil alicheka mpaka Ngare akaamka. Lakini mimi nilipotulia niliwaza wale wanaobaki, wanaojaza mchanga baharini waongeze ardhi, ekari kwa ekari, kwa sababu pale ndipo wazazi wao walipozikwa. Hao nawaelewa zaidi. Mtu hashiki kitu kwa sababu ni kikubwa.

Nami nashika wangu.

Sitakuficha kuwa nilipepesuka. Ipo asubuhi, Ngare analia, maji yamekatika, Mwatime hataki kusukwa, nikasema moyoni, mmoja akienda nitapumua. Halafu akaja mwenyewe na kitana, akakaa baina ya magoti yangu bila kuitwa. Sina la kuongeza hapo.

Jana nimenunua halwa, ya lozi, sinia lile lile, nikavuka feri. Mzamil alitaka kunisindikiza nikamwambia abaki na mtoto. Nilimkuta mama mkubwa barazani na wenzake watatu, nikaona afadhali, na wawepo.

Nikaliweka sinia mbele yake. "Mama, halwa ya kaka nimeirudisha."

Akanitazama toka utosini hadi nyayoni. "Wewe, Mejumaa, uliyeishia darasa la nane, umekuja kunifundisha mimi mila?"

"Sikuja kufundisha. Nimekuja kurudisha. Mliniletea kitu bila kuniambia bei yake."

Mmoja wa wale mabibi akasema chini kwa chini, "Hapo ana haki." Mama mkubwa akamkata jicho. Mwisho akalivuta sinia, akamega kidogo, akaonja. "Hii ina mafuta mengi kuliko ile," akasema. Akawapitishia wenzake nao wakala. Basi likaisha hivyo, na wala hakuniaga vibaya. Kwa hiyo asikwambie mtu kuwa neno bado liko. Limeliwa likarudi.

Sasa nisikilize kaka, hapa ndipo ninapotaka usome mara mbili.

Mwatime haji. Si mwaka huu wala mwakani, na usimwombe mtu mwingine aje kuniuliza. Mimi ndiye mama yake, na uchovu wangu haunipunguzii hilo.

Nyinyi njooni. Chukua ile likizo unayoiahirisha, umlete Losa. Chumba kimoja tunacho, Ngare atawalilia sawa na anavyotulilia sisi. Losa aketi nami, kwani najua zile mimba mbili zilizoharibika alizililia mbali na mama yake, akiwa kisiwa kingine. Asione namnyima. Mwambie natamani aje anishikie Ngare hata mwezi mzima, na Mwatime amsuke nywele zake. Mtoto atawazoea kwa kuwaona. Siku yake ya kuposwa ikifika, hakuna neno litakalosemwa kabla yako, naliandika hili kwa mkono wangu ili uwe na ushahidi.

Limebaki moja, na ndilo gumu. Mwatime bado hajui. Anasubiri ndege. Naweza kumwambia mimi, na nitakuwa mama mbaya kwa wiki mbili, nimezoea. Lakini wewe ndiye uliyemwahidi, hata kama ni kwa mdomo wa mama mkubwa. Jumamosi asubuhi huku, huko itakuwa jioni. Piga simu, muulize hali ya shule, kisha mwambie wewe mwenyewe kuwa haji, na kwamba wewe ndiye utakayekuja. Usiseme "mamako amekataa." Akikuuliza kama umekasirika, mwambie hapana, hata ikiwa bado umekasirika. Kisha mpe simu Losa, waongee wao, maneno yakiwashinda wacheke tu.

Mimi nitakuwa nimekaa karibu, nami sitadakia.

Mzamil akusalimu sana. Bi Nimwaka asema uje umrekebishie pampu yake ya kisima, ati mafundi wa huku wamlia pesa tu. Nasipwondi asalimia Ulaya nzima. Mama mkubwa hakutuma salamu, lakini aliponisindikiza hadi njiani aliniuliza huko mwala nini, kwa hiyo zihesabu kuwa salamu. Nibusie wifi yangu mkono, na mwambie shangazi yake aliyemlea kuwa alifanya kazi njema.

Mola awahifadhi juu ya kipande chenu hicho cha ardhi, awatilie maji matamu matangini, na awaletee wana wenu, kwa njia anayoijua Yeye.

Dadako akupendaye, wala hakuogopi,

Mejumaa