Maua ya Kusahau

Kwako mwanangu Yongliang,

Mimi ni mzima, na mvua imetosha. Yale mayungiyungi ya manjano uliyonipandia kando ya ukuta penye jua ulipoondoka, kama desturi inavyotaka ili mama asahau huzuni, yalikuwa mashina sita. Nimeyagawa mwenyewe hadi yamefika arobaini. Kila kiangazi huyachuma alfajiri yangali matumba, nikayakausha na kuyauza kama mboga. Ua likishachanua halina mnunuzi, na jioni limekufa.

Mwaka huu sikuchuma. Jirani yetu Caixia alinipigia kelele: “We dada Guilan, umelala au umetajirika? Mboga yote inachanua!”

Nikamjibu, “Yaache. Yongliang anakuja kumzika baba yake. Nataka aione nyumba tangu barabarani.”

Tulikungoja siku tatu. Kila asubuhi yalichanua mapya, kila jioni yakasinyaa. Picha ya marehemu, ambayo hubebwa na mwana mbele ya jeneza, aliibeba mtoto wa Caixia.

Usinieleze kitu. Miaka saba nimeyatunza maua yako, Yongliang, na kazi uliyoyapa hayajaifanya hata siku moja.

Mama yako,
Qiu Guilan